Risasi Ukutani: Jinsi Majirani wa Marekani Walivyoipima Sumu ya Nyumba Zao

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo lugha nyingi huvipa majina mawili. Risasi ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Risasi pia ni metali nzito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo wavuvi wa pwani huifanya chubwi za mishipi yao. Makala haya yanahusu risasi hiyo ya pili, ambayo kwa muda mrefu ilichanganywa katika rangi za kupaka nyumba, ikakaa kutani na madirishani, na kuwadhuru watoto wasiokuwa na habari nayo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa familia nyingi za miji ya Marekani, kilichokuwa kikiwala kilikuwa nyumbani mwao.

Nimeichagua historia hii kwa ajili ya somo letu la uraia kwa sababu inajibu swali ambalo wanafunzi huuliza mara kwa mara: mwananchi wa kawaida, asiye daktari wala mbunge, anaweza kufanya nini mbele ya hatari ambayo wenye mamlaka wanaijua na hawaishughulikii? Jibu la historia hii si kupiga kelele tu. Watu waliofanikiwa walipima, wakahesabu, kisha wakaweka hesabu yao mezani pa watawala.

Rangi iliyosifiwa

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, rangi bora ya nyumba ilitengenezwa kwa unga mweupe wa risasi uliochanganywa na mafuta ya mbegu za kitani. Ilifunika vizuri, ilistahimili mvua na jua, na ukuta uliopakwa ungeweza kuoshwa. Mafundi waliipenda, na wenye nyumba waliitaka.

Ubaya wake ulijitokeza rangi ilipozeeka. Rangi kuukuu hupasuka na kubambuka vipande vipande kama magamba ya samaki. Mtoto atambaaye huviokota na kuvitia kinywani, tena inasemwa kuwa vina ladha ya utamutamu. Hata asipovila, dirisha linalopandishwa na kushushwa kila siku husaga rangi ya fremu yake ikawa vumbi laini lisiloonekana kwa urahisi. Vumbi hilo hutua sakafuni, hushika viganjani mwa mtoto, na kutoka viganjani huingia mdomoni. Mwili huipokea risasi kana kwamba ni kalsiamu, ukaihifadhi mifupani. Ikizidi sana huleta maumivu ya tumbo, degedege, kuzimia na kifo. Ikiwa kidogo haina dalili ya kuonekana kwa macho, lakini huharibu ubongo unaokua: usikivu wa mtoto, kumbukumbu yake na uwezo wake wa kujifunza.

Mambo haya hayakuwa siri. Mwaka 1904, daktari wa macho J. Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, aliandika kwamba watoto aliowatibu walipata sumu kutokana na rangi ya kuta na ya reli za baraza za nyumba zao. Mwaka 1909 Ufaransa ilitunga sheria ya kuizuia rangi hiyo. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia unga mweupe wa risasi katika upakaji wa ndani ya majengo. Marekani haikuuridhia mkataba huo. Huko, katika miaka ya 1920, viwanda viliitangaza rangi ya risasi kwa picha za watoto, na hata kuchapisha vijitabu vya kuwapendeza watoto wenyewe.

Waliolaumiwa

Mji mmoja wa Marekani ulioamka mapema ni Baltimore, katika jimbo la Maryland. Wakati wa dhiki kuu ya uchumi, mwaka 1932, familia maskini za mji huo ziliokota makasha ya betri chakavu na kuyachoma kama kuni ili kupata joto. Moshi wake ulikuwa na risasi, na watoto wakaugua. Idara ya afya ya mji ikaanza kuwapima damu watoto bila malipo. Kadiri ilivyopima, ndivyo ilivyogundua kwamba makasha ya betri yalikuwa sehemu ndogo tu ya tatizo, na kwamba chanzo kikubwa kilikuwa rangi ya nyumba. Mwaka 1951 Baltimore ikapiga marufuku rangi zenye risasi ndani ya nyumba za kuishi.

Hata hivyo, marufuku hiyo ilihusu rangi mpya. Ile iliyokwisha kupakwa kwa miongo mingi ilibaki pale pale ukutani. Na waliobaki nayo hawakuwa watu wa tabaka moja na waliotunga sheria. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Wamarekani Weusi kwa maelfu walihama mashamba ya kusini kwenda miji ya kaskazini. Walipofika, ubaguzi wa rangi uliwafungia katika mitaa michache yenye nyumba kongwe. Wenye nyumba walipokea kodi, lakini wengi wao hawakufanya ukarabati. Mpangaji aliyelalamika aliweza kufukuzwa, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Katika mazingira hayo, lawama iliangukia wazazi. Watetezi wa viwanda vya risasi walidai kwamba chanzo cha ugonjwa ni familia za vitongoji duni zisizojua kulea watoto. Mama aliambiwa amchunge mwanawe asile rangi. Hakuna aliyemwambia mwenye nyumba aondoe rangi hiyo mahali ambapo mtoto hutambaa. Ni vema tukaitazama hoja hii kwa makini, kwa sababu inarudi katika kila zama na kila nchi: madhara yanapomfika maskini, tabia yake huchunguzwa kabla ya nyumba anayoishi kuchunguzwa.

Vijana wa Harlem Mashariki

New York ilipiga marufuku rangi ya risasi katika nyumba za kuishi mwaka 1960. Miaka tisa baadaye, watoto wa mitaa maskini walikuwa bado wanalazwa hospitalini kwa sumu ileile, kwani kuta zilikuwa zilezile. Mwaka 1969 jiji lilikuwa na maelfu ya vifaa vya kupima risasi katika mkojo, vilivyotolewa na kampuni kama msaada, lakini havikuwa vimefika kwa watoto waliovihitaji.

Katika mtaa wa Harlem Mashariki, ambako wengi wa wakazi walikuwa na asili ya Puerto Rico, lilikuwako kundi la vijana lililojiita Young Lords. Novemba 1969 vijana hao, pamoja na wahudumu wa afya waliowaunga mkono, walikwenda katika ofisi za idara ya afya ya jiji, wakaketi humo na kukataa kuondoka mpaka wapewe vifaa hivyo. Walipewa sehemu yake. Wakagawana mitaa, wakapanda ngazi za majengo ya ghorofa wakiwa na wanafunzi wa udaktari, wakabisha hodi mlango kwa mlango na kuwapima watoto.

Matokeo yalitisha: karibu thuluthi moja ya watoto waliopimwa walionekana kuwa na risasi mwilini. Magazeti yakaandika. Jambo ambalo kila mama alilibeba peke yake, akidhani ni ajali ya nyumba yake au kosa lake, sasa lilikuwa hesabu ya mtaa mzima. Jiji likaunda ofisi maalumu ya kushughulikia sumu ya risasi, na upimaji wa watoto ukapanuliwa.

Vijana wale hawakuwa na sayansi mpya. Waliyoyasema yalikuwa yamekwisha kuandikwa Brisbane miaka sitini na mitano kabla yao. Walichokuwa nacho ni utayari wa kupanda ngazi na kuuliza, nyumba hadi nyumba. Hawakuwa peke yao. Katika mji wa St. Louis, mwanaharakati Ivory Perry, aliyekuwa akishughulikia makazi ya watu maskini, aliona watoto wakiugua nyumba baada ya nyumba, akawakusanya wakazi na wataalamu, na mwaka 1970 mji huo ukapitisha sheria yake dhidi ya rangi ya risasi.

Mawimbi haya ya miji yalifika hadi serikali kuu. Januari 1971 Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya kwanza ya taifa ya kuzuia sumu ya rangi ya risasi. Mwaka 1978 rangi hiyo ikapigwa marufuku katika makazi ya nchi nzima. Ndiyo maana hadi leo mkaguzi wa Marekani akiingia katika nyumba huuliza kwanza: ilijengwa kabla ya 1978?

Mtoto kufanywa kipimo

Pamoja na ushindi huo, mfumo uliojengwa ulikuwa na dosari kubwa. Kwa kawaida mamlaka ziliingia katika nyumba baada ya damu ya mtoto kuonyesha sumu. Maana yake ni kwamba mtoto ndiye aliyekuwa kipimo cha nyumba. Ilibidi kwanza adhurike ndipo ukuta ukaguliwe, na madhara ya ubongo hayarudi nyuma.

Utafiti ulizidi kuifanya dosari hiyo ionekane wazi. Mwaka 1979 daktari Herbert Needleman alichapisha uchunguzi alioufanya kwa meno ya utotoni yaliyong'oka kwa watoto wa shule wa Massachusetts. Watoto wale hawakuwa wagonjwa. Lakini waliokuwa na risasi nyingi zaidi menoni walipata alama za chini zaidi katika majaribio ya akili, na walimu wao, bila kujua matokeo ya meno, waliwataja kuwa na shida zaidi ya kutulia na kufuata maelekezo. Katika miaka ya 1960 mtoto alihesabiwa kuwa na sumu alipofikisha mikrogramu 60 kwa desilita moja ya damu. Kiwango cha kuchukua hatua kiliteremshwa awamu baada ya awamu: 10 mwaka 1991, 5 mwaka 2012, na 3.5 mwaka 2021. Sasa wataalamu wanasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Kwa haki ya historia, lazima tuseme kwamba kushuka kwa risasi katika damu ya Wamarekani kulisababishwa kwa kiasi kikubwa na kuondolewa kwake katika petroli. Lakini petroli ilipokwisha kusafishwa, nyumba kongwe zilibaki, na ndizo zilizokuwa ngome ya mwisho na ngumu zaidi.

Huko Baltimore, mwaka 1986, akina mama wa kusini mwa mji waliunda kikundi cha wazazi wanaopinga risasi. Kilikua kikawa muungano, kisha taasisi inayojulikana leo kitaifa. Muungano huo ulikuwa miongoni mwa waliosukuma sheria ya Maryland ya mwaka 1994, iliyowataka wenye nyumba za kupanga zilizojengwa kabla ya 1950 waziandikishe na kupunguza hatari kabla mpangaji mwingine hajaingia. Hapo mzigo ulianza kuhama kutoka kwa mtoto kwenda kwa nyumba. Serikali kuu nayo, kwa sheria ya mwaka 1992, iliagiza kwamba anayeuza au kupangisha nyumba kongwe amweleze mwenzake yale anayoyajua kuhusu rangi ya risasi iliyomo.

Mwalimu mkuu wa Rochester

Mfano unaonigusa zaidi, kwa sababu ya kazi yangu, ni wa Rochester, mji wa kaskazini mwa jimbo la New York. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ralph Spezio alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika mtaa maskini wa mji huo. Alishangazwa na wingi wa watoto waliohitaji elimu maalumu. Badala ya kuridhika na jibu jepesi la kwamba hawa ni watoto wazito, alitaka kumbukumbu za vipimo vya damu za wanafunzi waliokuwa wakiingia shuleni pake zitazamwe. Takriban wanne kati ya kila kumi walikuwa wamewahi kukutwa na risasi nyingi mwilini.

Walimu wenzangu wataelewa uzito wa hesabu hiyo. Ni mara ngapi tumemwita mtoto mtukutu, mvivu au mzembe, tusiulize amelala wapi na amekula nini? Mwalimu huyu aliuliza. Kisha akatoka nje ya uzio wa shule. Yeye na wakazi, wauguzi, wanasheria, viongozi wa dini na watafiti wa chuo kikuu cha mji huo waliunda muungano wa kuzuia sumu ya risasi. Kwa miaka mitano walifanya mikutano ya mitaa, wakakusanya takwimu, wakawaalika wagombea wa siasa waseme msimamo wao hadharani.

Desemba 2005 halmashauri ya mji ilipitisha sheria, ikaanza kutumika Julai 2006. Sheria hiyo iliingiza ukaguzi wa risasi katika ukaguzi wa kawaida ambao kila nyumba ya kupanga hufanyiwa ili ipate cheti cha kukaliwa. Mkaguzi hutazama kama rangi imebambuka. Katika maeneo yenye hatari kubwa, hata rangi ikionekana nzima, hufuta sakafu na vizingiti vya madirisha kwa kitambaa chenye unyevu, na kitambaa hicho hupelekwa maabara kutafutwa vumbi la risasi. Hakuna anayengoja mtoto augue kwanza.

Wenye nyumba walikuwa na hofu, na hofu yao haikuwa ya kupuuzwa. Walisema gharama zitawashinda, nyumba zitatelekezwa, na maskini ndio watakaokosa pa kulala. Ndiyo sababu sheria haikudai kwamba kila chembe ya risasi ing'olewe ukutani. Ilidai hatari iondolewe: rangi iliyobambuka ikarabatiwe, vumbi lisafishwe, na kazi ifanywe kwa njia salama. Tathmini za baadaye hazikuona soko la nyumba likivurugika kama ilivyohofiwa. Kwa upande wa watoto, risasi katika damu ilipungua katika wilaya ya Rochester kwa kasi ya zaidi ya mara mbili ya ile ya jimbo zima la New York.

Sheria hiyo ina mipaka yake. Inahusu nyumba za kupanga, hivyo mtoto wa mzazi maskini aliyenunua nyumba kuukuu anaweza kubaki nje ya ulinzi. Inahitaji wakaguzi, na wakaguzi wanahitaji bajeti kila mwaka. Muungano uliposhinda haukuvunjwa. Uliendelea kuwapo na kufuatilia utekelezaji. Wananchi wengi husherehekea siku sheria inapopitishwa, wakarudi nyumbani, na sheria ikalala kabatini.

Tunachojifunza upande huu

Msomaji wa Kampala, Bujumbura au Goma anaweza kusema kwamba hizi ni habari za mbali. Lakini metali hii imekwisha kubisha hodi katika pwani ya Afrika Mashariki, katika lugha yetu hii hii. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007 ukutani kabisa mwa makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alimuuguza mwanawe mchanga bila kupata jibu, hadi vipimo vilipoonyesha risasi katika damu ya mtoto. Alifanya kile walichofanya vijana wa Harlem Mashariki: alitafuta watoto wengine wapimwe. Nao wakaonekana kuwa na risasi. Wakazi waliandamana, Omido akakamatwa, lakini mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa.

Mazingira ni tofauti na ya Marekani, kwani sumu ya Owino Uhuru ilitoka kiwandani, siyo katika rangi kuukuu. Njia ya wananchi, hata hivyo, ni moja: mzazi mmoja hupima, majirani huhesabu, na hesabu hupelekwa mahali ambapo haiwezi kupuuzwa.

Nasi tuna nyumba za enzi ya ukoloni, shule zilizopakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, vitanda vya chuma vya mabwenini na pembea za watoto zenye rangi za kung'aa. Yapo mambo tunayoweza kuyafanya bila kungoja mtu. Anayenunua rangi asome maandishi ya kopo na aulize kama haina risasi. Muuzaji anayeulizwa mara kumi atamuuliza naye anayemletea bidhaa. Fundi asikwangue rangi kuukuu ikiwa kavu, wala asiichome kwa moto. Ailoweshe kwanza, awaweke watoto mbali, na taka zake azikusanye. Sakafu na vizingiti vya madirisha vya nyumba kongwe vipigwe deki kwa maji badala ya kufagiwa vikavu. Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Na kamati za shule, kabla ya kupitisha bajeti ya kupaka madarasa, ziandike katika mkataba wa fundi ni rangi ya aina gani inayotakiwa.

Hayo ni ya nyumbani na shuleni. Ya uraia ni makubwa zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa rangi hauzibwi na mama mmoja mwenye ufagio. Tumuulize diwani wetu: nani hukagua nyumba za kupanga katika mji huu, na hukagua nini? Tuiulize ofisi ya viwango: rangi zinazouzwa sokoni zimepimwa lini? Wanafunzi wangu wa mwaka huu watapewa zoezi la kuandika barua rasmi yenye maswali hayo mawili, kwa Kiswahili sanifu, yenye anwani, tarehe na sahihi. Ninawaalika walimu wengine wafanye vivyo hivyo, na majibu watakayopata wayabandike kwenye ubao wa matangazo wa shule ili wazazi nao wayasome.